Wakunjo, Wapete na Jiwe la Bi Mize

Namna nilivyofika Mabambani haimhusu msomaji. Njia ni mbovu, na aliyenielekeza alikuwa mwongo wa kutupwa. Nilichoka, nikafika, nikaambiwa karibu, yatosha. Nitakayoyasimulia ni ya ndani ya nchi yenyewe, na sitaongeza neno, maana mambo ya watu wale hayahitaji msaada wangu.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Miaka ishirini na sita nimekula jasho langu nikichungulia vinywa vya watu, kwa hiyo nikiingia mji wowote hutazama kwanza wanavyokula. Mabambani nilitazama chakula cha mchana cha kwanza, nikadhani nimepata soko kubwa. Nilipotazama cha pili nikajua nimeingia kwa wendawazimu.

Nchi ile imekaa juu ya miamba myeusi inayopasuka bamba bamba, kama kurasa za msahafu uliolowa. Ndani yake mna visukuku, yaani wanyama wa bahari ya kale waliogeuka mawe: wenye magamba, pingili na miguu isiyohesabika. Wamabamba wanaamini kwamba wametokana na wanyama hao. Hilo halikunishangaza, kila mtu ana babu. Kilichonishangaza ni kwamba sheria yao inamtaka mtu ale kama babu yake alivyokula. Mavazi wanavaa wapendavyo, nyumba wanajenga wapendavyo, hata uongo wanasema wapendavyo. Kula tu ndiko kwenye polisi.

Koo ni mbili. Wakunjo babu yao ni Mzee Kunjo, kisukuku kirefu kilichopinda, chenye pingili kumi na nne na miiba upande wa ndani, mfano wa kamba wa baharini aliyekatwa kichwa. Kwa kuwa hana kichwa, hana kinywa. Na kwa kuwa hana kinywa, hakutafuna. Basi Mkunjo anaruhusiwa kushika chakula kwa mikono yake miwili, ila akikitafuna amevunja sheria. Humeza tu: uji, mtori, mayai mabichi, ndizi zilizopondwa. Wapete babu yao ni Mzee Pete, duara lenye meno pande zote, mfano wa kipande cha nanasi. Huyo ana meno lakini hana mikono. Basi Mpete anatafuna apendavyo, hata mifupa, ila mikono yake hukaa mgongoni naye huinama sahanini kama ng'ombe kwenye hori. Na kwa kuwa watu wa ukoo mmoja hawaoani, kila nyumba ina Mkunjo mmoja na Mpete mmoja, na pazia katikati. Mkunjo hujipikia mtori wake nyumbani, na Mpete huletewa chakula kutoka jiko la mtaa.

Niliuliza kama kuna mtu aliyewahi kuona ajabu. Waliniambia ndiyo, wameniona mimi nikila wali.

Nilipangishiwa chumba kwa Bi Mize, mwanamke Mkunjo mwenye umri wa kwenda hamsini na tano, mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Kazi yake ilikuwa kusafisha visukuku katika Nyumba ya Mawe ya serikali. Alikuwa akikaa na sindano na burashi, akiondoa mwamba punje kwa punje mpaka mnyama aonekane. Mumewe alikuwa Bwana Vuai, Mpete, aliyekuwa Mkaguzi wa Vinywa kwa zaidi ya miaka thelathini. Kazi ya mkaguzi ni kupita nyumba kwa nyumba wakati wa chakula, na kumwekea kila Mkunjo kidole chini ya kidevu. Taya likicheza, jina linaandikwa.

“Ndivyo alivyonipata,” Bi Mize aliniambia. “Nilikuwa na punje ya karanga mdomoni. Akaweka kidole. Karanga ikaisha, kidole kikabaki. Nikamwambia, wee kaka, unakagua au unaposa?”

“Nilimwandika pia,” Bwana Vuai alisema kutoka kitandani. “Asikudanganye. Niliposa, lakini nilimwandika.”

Alisema akiwa amenyooka chali kama ubao, na hapo ndipo palipokuwa na msiba wa nyumba ile. Miezi mitano iliyopita alianguka ngazini, mgongo ukakataa kupinda. Mpete asiyeweza kuinama hafiki sahanini, na hakuna mkono unaoruhusiwa kumwinulia chakula. Bi Mize alitundika bakuli darini kwa mnyororo, likaning'inia sawa na mdomo wa mumewe. Idara ya Vinywa ikaja, ikapima, ikaamua kwamba mnyororo una pingili, na kitu chenye pingili kinachomletea mtu chakula ni mkono. Akatafuta bua la papai anywee maziwa. Idara ikaunda kamati. Kamati ikakaa majuma saba, ikaamua kwamba bua ni kidole. Kwa hiyo Bwana Vuai alikuwa analazwa kifudifudi ukingoni mwa kitanda, kichwa kikining'inia, akipata matonge mawili kabla ya kizunguzungu. Nilipofika mimi, hata hayo mawili yalikuwa yanamshinda. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa mlangoni.

Nilikasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, mke wangu ni shahidi.

“Mfungie mlango umlishe!” nilimwambia Bi Mize. “Nani atajua?”

“Nitajua mimi,” alijibu Bwana Vuai. “Nimeandika majina ya watu elfu moja na zaidi kwa sababu ya punje ya karanga. Wengine walikuwa wazee, wengine wajawazito. Leo nifumbe macho kwa kuwa tumbo ni langu?”

“Bwana Vuai, samahani, wewe ni mjinga.”

“Inawezekana,” alisema kwa upole. “Lakini sheria ikibadilishwa mchana, mimi nitakula mchana huohuo.”

Bi Mize alinikonyeza nimfuate uani. Alifunua gunia, na chini yake palikuwa na bamba la mwamba lenye upana wa meza. Mwezi mzima alikuwa amelisafisha peke yake. Mimi si msomi wa mawe, lakini macho ninayo. Alikuwa mnyama mmoja, mrefu kama mkono wangu, mwenye mapezi ubavuni na macho mawili makubwa. Chini ya kichwa chake palikuwa na lile duara lenye meno. Na mbele ya duara, upande huu na huu, zilikunjwa pingili kumi na nne zenye miiba.

“Mungu wangu,” nilisema. “Mzee Kunjo ni mkono.”

“Na Mzee Pete ni kinywa,” alisema Bi Mize. “Miaka yote tumeabudu vipande vya mtu mmoja. Kesho Baraza la Mawe linanisikiliza. Wakikubali, namlisha mume wangu. Wakikataa, jiwe linasagwa kokoto, na yeye...” Alilifunika bamba kwa gunia, akalipigapiga vumbi muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji.

Asubuhi majirani wanne walimbeba Bwana Vuai na kitanda chake mpaka barazani. Bi Mize alibeba kikapu kilichofunikwa, na nyuma yake wanaume wengine walibeba bamba. Mheshimiwa Pandu, Mkuu wa Baraza, Mpete mwenye shingo nene kwa miaka mingi ya kuinama, alikaa juu ya jukwaa na karani wake pembeni, aliyewahi kufanya kazi chini ya Bwana Vuai. Mkewe, Mkunjo, alikaa mstari wa mbele wa wanawake. Kumpinga Bi Mize alisimama Mwalimu Mkuu Faki, bingwa wa Mzee Kunjo, aliyeandika majuzuu kumi na moja yaitwayo *Kichwa Kilikwenda Wapi?* Juzuu la kumi na mbili lilikuwa mtamboni, na aliingia na uso wa mtu mwenye kitu mtamboni.

“Mheshimiwa,” alianza, “wanyama hawa wawili walikufa mahali pamoja. Ni ajali. Mimi na wewe tukianguka shimoni, je, tumekuwa mtu mmoja?”

“Hasha,” alisema Mheshimiwa Pandu, ambaye dhana hiyo haikumpendeza hata kidogo.

“Na kama si ajali, ni mahaba. Walikufa wamekumbatiana.”

“Mwalimu,” alisema Bi Mize, “wamekumbatiana wakiwa ndani ya ngozi moja?”

Watu wakacheka. Mwalimu Faki akamkata jicho, akasema kwamba mtu wa sindano hawezi kumfundisha mtu wa vitabu. Bi Mize akajibu kwamba vitabu vyote kumi na moja vimeandikwa kutokana na mawe aliyoyasafisha yeye, na kwamba katika miaka yote hiyo Mwalimu hajawahi kuja kulitazama jiwe lenyewe, huwa anatuma mtu amchoree. Hapo pakazuka zogo la kutaka kujua kama ni kweli. Ilikuwa kweli.

Kisha Bi Mize akafanya kosa la watu wakweli, la kujibu zaidi ya alivyoulizwa. Alieleza kwamba amesafisha mawe ya tabaka za chini, ambayo ni ya zamani, na ya tabaka za juu, ambayo ni ya baadaye kidogo. Na kwamba viungo vya kulia chakula havikushuka kutoka mbinguni vikiwa tayari. Katika mawe ya chini kuna wanyama wenye miguu mitupu, yote sawa, ya kutembelea. Kadiri unavyopanda, miguu ya karibu na kinywa inafupika. Shina la mguu linaota meno. Mwisho mguu wote unaisha, linabaki shina, nalo linasaga chakula.

“Subiri,” alisema Mheshimiwa Pandu. “Unasema taya ni nini?”

“Ni mguu, Mheshimiwa. Mguu ulioacha kutembea ukaanza kutafuna.”

Lo! Wapete wote walisimama. Mzee mmoja alipiga kelele kwamba hajapata kutukanwa hivyo tangu azaliwe. “Mimi natafuna kwa miguu? Mimi?” Mwingine alitaka mama yake marehemu aombwe radhi. Wakunjo walicheka mpaka wakakumbuka kwamba kucheka kunachezesha taya, wakaziba midomo. Iliwachukua askari robo saa kuwakalisha watu, na karani aliuliza kama neno mguu aliandike au aweke nukta.

Wakaniita mimi, mgeni, nieleze kwetu tunakulaje. Nilisema ukweli: tunashika kwa mkono, tunatia kinywani, tunatafuna, tunameza.

“Mtu huyohuyo mmoja?” aliuliza Mwalimu Faki.

“Huyohuyo.”

“Yote manne?”

“Na akimaliza anajilamba vidole.”

Mama mmoja alimziba mwanawe masikio. Mwalimu Faki aliliomba Baraza liandike kwamba shahidi hana ukoo, na likaandika. Nikaketi. Nikamtazama Bwana Vuai pale kitandani. Alikuwa amefumba macho, na kifua chake kilipanda na kushuka kidogo mno.

Nafikiri Bi Mize aliona nilichokiona. Aliacha kubishana. Alipiga magoti mbele ya bamba, akatoa sindano yake, akaanza kuondoa punje za mwamba pale miiba ilipokaribia duara, mahali ambapo hajawahi kupagusa. Watu wakasogea mmoja mmoja kutazama. Hata Mwalimu Faki alishuka, akachuchumaa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akalitazama jiwe.

Kati ya miiba palitokea kidudu kidogo cha pingili. Mkia wake ulikuwa umeshikwa na miiba. Kichwa chake kilikuwa ndani ya duara, katikati ya meno.

“Alikuwa anakula,” Mwalimu Faki alisema polepole. Aliketi chini kabisa, sakafuni. “Jamani, alikuwa anakula. Majuzuu kumi na moja...” Nilimhurumia, na mimi si mwepesi wa kuwahurumia wasomi.

Mheshimiwa Pandu akagonga meza. Akatamka kwamba Baraza limeona kwa macho yake: Mzee Kunjo na Mzee Pete ni mnyama mmoja, mkono wake ulilisha kinywa chake, na kuanzia saa ile mkono wa yeyote unaweza kulisha kinywa cha yeyote. Watu wakashangilia, kofia zikaruka. Bi Mize alishika nguzo ya kitanda cha mumewe kwa mikono miwili.

Kisha karani akakohoa.

“Mheshimiwa, kwa kuwa babu ni mmoja, ukoo umekuwa mmoja. Na ukoo mmoja hauoani. Kifungu cha tatu.”

Mheshimiwa Pandu alimgeukia.

“Unasemaje?”

“Nasema ndoa zote za nchi hii ni za ndugu kwa ndugu, Mheshimiwa. Zimevunjika dakika mbili zilizopita. Yako pia.”

Kutoka mstari wa mbele wa wanawake kilipigwa kigelegele kimoja, kirefu, cha moyoni. Alikuwa mke wa Mheshimiwa Pandu. Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akaondoka ukumbini bila kuaga.

Sijawahi kuona serikali ikitoka jasho haraka vile. Mheshimiwa Pandu aliteremka jukwaani yeye mwenyewe, akamjia Bi Mize, akaishusha sauti ingawa sote tulisikia.

“Bi Mize, dada yangu...”

“Kwa hukumu hii ni dada yako kweli,” alisema karani.

“Nyamaza wewe! Bi Mize, sema kwamba jicho lilikudanganya. Wewe ndiye uliyeleta jiwe, wewe peke yako unaweza kuliondoa. Sema ni wanyama wawili, na hukumu naifuta sasa hivi. Mumeo atabaki mumeo.”

“Na chakula?”

“Chakula kitabaki kama kilivyokuwa.”

Bi Mize alimtazama Bwana Vuai. Miaka thelathini na moja walikuwa wamekaa pande mbili za pazia moja, yeye akimeza, mwenzake akitafuna, wakiongea kwa kupaza sauti. Niliona machozi yakimtoka waziwazi, wala hakuyafuta.

“Jiwe sikulichora mimi,” alisema. “Ni mnyama mmoja.”

“Basi huna mume.”

“Basi sina. Lakini yeye atakuwa hai.”

Akafunua kikapu. Ndani mlikuwa na bakuli la wali na maharage ya nazi, aliyoyapika alfajiri kabla hajajua hukumu itakuwaje. Akaketi kitandani, akafinyanga tonge, akaliinua. Bwana Vuai hakufungua mdomo. Aligeuza macho kwa Mheshimiwa Pandu.

“Mheshimiwa, hukumu imefutwa au bado?”

“Bado,” alikiri Mheshimiwa Pandu kwa uchungu.

“Kwa hiyo inaruhusiwa.”

“Inaruhusiwa.”

Ndipo akafungua. Alitafuna taratibu, kama mtu anayesoma barua. Ukumbi mzima ulikuwa unalitazama taya lile kwenda na kurudi, na hakuna aliyekumbuka habari za miguu. Akameza. Akafikiri.

“Chumvi imepungua,” alisema.

Bi Mize alicheka huku analia. “Miaka thelathini na moja! Miaka thelathini na moja nimengoja mtu wa kunilalamikia chumvi!”

Rangi kidogo ilikuwa imemrudi Bwana Vuai mashavuni. Aliinua mkono wake, ule ambao wakati wa chakula haukuwahi kutoka mgongoni, akaushika mkono wa Bi Mize uliokuwa na punje za wali.

“Leta lingine,” alisema, kisha akasita.

Karani aliinua kalamu. Sote tulijua anangoja nini. Neno lililobaki lilikuwa ama dada, ambalo ni halali, ama lile jingine, ambalo tangu robo saa iliyopita ni jinai. Na huyu alikuwa Vuai, aliyemwandika hadi mchumba wake.

“Leta lingine, mke wangu.”

Karani akachovya kalamu kwenye wino, akamtazama mkubwa wake wa zamani.

“Andika,” Bwana Vuai alimwambia. “Na jina langu uliandike vizuri.”